Kifundo cha Gambo

Haya niliambiwa na wifi yangu Ladidi, mwaka ule ndege walipotumalizia mtama, tukipembua kidogo kilichobaki. Nyumba yake na ya Barau, muunga mifupa, zilitenganishwa na ua wa mabua tu, basi alisikia na kuona yote.

Gambo alifika kwa Barau saa nne asubuhi, mkono wa kulia kaukumbatia kama mtoto mgonjwa. Alikuwa kijana wa machinjioni na mpiganaji wa dambe, mchezo wa ngumi, na wiki mbili nyuma ngumi hiyohiyo, imeviringwa kamba, ilivunja taya la Talle, mwana wa Barau. Sasa nayo imevunjika, na mifupa midogo ya mkono hakuna mwingine aliyeiweza.

Kande, mama yake Talle, akamzuia mlangoni.

"Leo umekuja na adabu, muosha matumbo wewe? Juzi si ulikuwa unacheza juu ya mwanangu!"

"Namtaka Baba Barau, mama."

"Mama yako nani?"

Talle alikuwa mkekani, kibandani uani, taya limefungwa kitambaa, akinyonya fura, uji wa uwele na maziwa, kwa mrija. Kusema hawezi. Akamkodolea macho tu.

Barau akatoka ndani, akaushika ule mkono, akapitisha gumba lake juu ya vifundo vya vidole: cha shahada, cha kati, cha pete. Cha mwisho hakikuwapo, kilikuwa kimezama.

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Nani alikufunga?"

"Mwenyewe. Kamba ya dambe, vidole vimenyooka."

"Mpumbavu. Mnadhani kamba hiyo ni dawa. Kunja ngumi."

Gambo akakunja, jasho likimtiririka. Vidole vitatu vikaelekea mahali pamoja, chini ya gumba. Kidole kidogo kikampanda mwenzake.

"Nikikuacha hivi, kisu utashika. Kupigana, basi tena."

"Mwache hivyohivyo!" Kande akadakia.

Bila dambe, nani angemwita Gambo kwa jina pale machinjioni? "Nakuomba, Baba."

"Usiniite baba."

Barau akakikunja kile kidole kama kulabu, akakisukuma juu kwa nguvu, huku gumba lake likikandamiza mgongo wa mkono. Ko! Gambo akang'ata kanzu yake. Kifundo kikainuka.

"Kunja tena."

Vidole vyote vinne vikaelekea pamoja.

"Sijakuhurumia," Barau akasema. "Taya la mwanangu litapona kabla ya mavuno. Siku mtakapopigana tena nakutaka mzima. Sitaki watu waseme Talle kampiga kilema."

Talle akacheka kwa pua.

Barau akamfunga kwa vijiti vya bua, vidole vimekunjwa, kisha akauning'iniza mkono kwenye nguzo ya kibanda usije ukavimba. "Mpaka alasiri. Ukishusha, usirudi hapa."

Akaingia ndani kujilaza. Kande naye, baada ya kumlaani Gambo na ukoo wake, akasinzia kwenye kigoda. Wakabaki wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake kwa macho, hakuna anayetaka kutangulia kuyafumba. Jua likapanda. Talle akashindwa, mrija ukamponyoka mdomoni.

Gambo akangoja kidogo, asije akawa anajifanya. Kisha naye, mkono juu kama aliyekamatwa, akalala.