Wajitoleaji Wasiotoa

Kuna watu hupewa jina la utani likawakaa kuliko lile walilopewa na wazazi wao. Kiongozi wa mchezo mmoja wa kompyuta, wa kujenga reli, aliitwa Bado, na mwenyewe aliliitikia bila kinyongo. Ukimuuliza toleo jipya litatoka lini, alikujibu kwa jina lake.

Fundi wa miwani alikuwa amemuuliza mpaka ulimi ukaota sugu. Mchana alikata lenzi kwenye duka dogo lenye ubao wa herufi ukutani, zile zinazoanza kubwa juu na kuishia kama chawa huko chini. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alijiunga na wenzake wa mtandaoni waliokuwa wakitengeneza ule mchezo bila kulipwa hata senti. Ulikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayouendesha, uko wazi, anayeweza anauboresha, na kila mtu anaucheza bure. Unatandika reli, unajenga vituo, unashindana na mwenzako nani atafikisha mizigo mingi.

Aliyemwingiza humo ni mama yake. Mama na kaka yake mkubwa walizaliwa katika nyumba ya mshika bendera wa stesheni, na hata uzeeni, mmoja huku na mwingine nchi nyingine, walikuwa hawajaacha kugombania treni. Kila Jumamosi asubuhi mama alivuta kiti mbele ya kompyuta, mjomba akavuta chake huko aliko, wakashindana na kutaniana kwa maandishi hadi chakula cha mchana. Mama mjane, mjomba mgane. Ule mchezo ndio uliokuwa sebule yao.

Kisha mjomba akaanza kupeleka makaa mahali palipoagizwa ngano. Mama alicheka akidhani anafanyiwa vituko. Binti yake hakucheka, maana watu wa namna hiyo huingia pale dukani kila siku wakiapa kwamba ni taa ndiyo hafifu. Alipomuuliza kando, mjomba alimwambia kwamba daktari ameshasema ugonjwa wake si wa miwani. Basi fundi akakaa chini akaandika kipengele cha herufi kubwa, ili neno lolote mchezoni likuzwe kwa kubonyeza mahali pamoja. Wenzake waliikagua kazi ile, wakaisifu, wakaibandika alama ya "tayari". Alifurahi kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Nyumba yenyewe haikupewa mlango. Kitu kikiwa tayari kwenye ghala la msimbo si kwamba kimefika mkononi mwa mchezaji. Kinakaa humo mpaka kiongozi atoe toleo. Fundi angeweza kumwekea mama ile mpya nyumbani, na aliwahi kujaribu, lakini mchezo ule haukubali watu wenye matoleo tofauti wakutane. "Matoleo hayalingani," skrini ilimwambia mama, ikamfungia kaka yake nje. Na mjomba, mzee wa watu, alijua kitufe kimoja tu kiitwacho Sasisha, nacho huleta kile tu ambacho Bado amekitoa.

Bado hakutoa. Alikuwa na sheria yake: kila kazi ibandikwe "tayari" au "bado", na toleo litoke siku ambayo hakuna "bado" hata moja. Ukiisikia mara ya kwanza unaiona ni hekima. Lakini wanaojitolea ni watu, na mtu akifika mahali papya hapendi kuingia mikono mitupu. Mmoja alileta mvua. Mwingine akasema mvua bila madaraja ni utani, akaleta madaraja. Wa tatu akataka filimbi za treni, kila treni na yake, na ilipokwisha mvua akazuka mtu na theluji yake. Nani aliwaomba theluji? Kila kilicholetwa kilianza kama "bado", kwa hiyo "bado" hazikwisha na hazingekwisha. Herufi za mjomba zilikaa pale zimekamilika, zikingoja theluji iyeyuke vizuri.

Mwaka ulipita, ukaja mwingine. Jumamosi moja mjomba hakutokea. Alisema ana shughuli. Mstaafu, anaishi na paka, shughuli gani? Mama alivuta kiti vilevile Jumamosi iliyofuata, akakaa mbele ya skrini mpaka chakula kikapoa, akasema kwamba pengine kaka yake amemchoka. Alisema kwa sauti ya kawaida, na ndiyo iliyomkata binti yake maini.

Fundi alimpigia mjomba akiwa nje ya duka. Mjomba alizungukazunguka na habari za paka, mwishowe akakiri.

"Mpwa wangu, sioni kilichoandikwa. Nabahatisha. Jicho la kushoto limebaki ukungu, la kulia nalo linajikongoja. Nishindwe na dada yangu, sawa. Lakini nishindwe kwa kubahatisha? Naona aibu. Usimwambie."

Siku hiyohiyo fundi aliwaandikia wenzake akiomba toleo litolewe. Bado alimjibu kwamba haraka haraka haina baraka, tena awe na subira kwani imebaki "bado" moja tu. Mtu aliyengoja muda wote ule kuambiwa ana haraka. Fundi alivua aproni, akamwambia mwenye duka kwamba anatoka kidogo, akashika njia ya kwenda kwenye kiwanda cha uchapaji mjini humo, alikofanya kazi Bado.

Alimkuta nyuma ya dirisha la kioo, mashine zikinguruma upande wa pili, meza imejaa karatasi zenye harufu ya wino. Bado alikuwa msahihishaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa, rula chini ya mstari, penseli nyekundu sikioni. Alimkaribisha vizuri, akamtolea kiti, akamwambia kwamba ile "bado" iliyobaki ni yake yeye fundi: kazi ya herufi ameibandua "tayari" baada ya kugundua kosa.

Akamwonyesha. Mchezo ukiisha, kisanduku hutokea katikati ya skrini: aliyeshinda huandikiwa UMESHINDA, aliyeshindwa UMESHINDWA. Herufi zikikuzwa, kisanduku hakitoshi, na mwisho wa neno hukatwa. Wote wawili wanasoma UMESHIND.

"Mshindi na mshindwa neno moja, dada," alisema Bado, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Nitoe kitu kama hicho?"

"Kitoe."

Bado alimweleza yaliyomkuta. Zamani alitoa toleo mbiombio, likafuta miji ambayo watu walikuwa wameijenga kwa miezi, nao wakamtukana mpaka akaogopa kufungua barua pepe. Tangu hapo aliapa. Na hata hapo kazini, alisema, kosa likishachapwa limechapwa. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba na penseli.

Fundi alimsikiliza, na kwa kweli alimwonea huruma kidogo. Ila huruma haikuizima hasira.

"Mimi miwani ikimbana mteja, anarudi, nakunja mkono wa miwani, anaondoka," alisema. "Simnyimi miwani mwaka mzima eti sijalizoea sikio lake. Kila miezi mitatu, kaka, kilicho tayari kitoke. Kilicho bado kingoje toleo lijalo. Theluji haina mtu inayemfaa. Herufi zina mtu."

Akamweleza habari za mjomba, ukungu na paka na kubahatisha. Bado alitazama karatasi zake, akaanza kusema kwamba anaelewa, lakini kazi ya kujitolea...

"Hiyohiyo," fundi alimkatiza. "Tunajiita wajitoleaji. Tumejitolea nini, kama hatutoi?"

Bado aliishusha penseli kutoka sikioni. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa maneno, na kutoa, toleo na kujitolea alikuwa ameyapitia mara nyingi mno bila kuona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kisha akaivuta kompyuta yake akasema kwamba litatoka na kosa, na fundi akamwambia litoke nalo. Kazi yenyewe ya kutoa ilichukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Fundi aliona hivyo kwa macho yake, hasira ikampanda upya.

Jumamosi mjomba alibonyeza Sasisha. Mama alipoliona jina la kaka yake likiwaka kwenye skrini alivuta kiti karibu zaidi. Binti yake alimkuzia naye herufi, wakaanza. Makaa yalikwenda kwenye makaa na ngano kwenye ngano. Treni zilipigiana filimbi, mvua ikanyesha kwenye madaraja, mama akalalamika kwamba kaka yake amekuwa mwizi wa njia. Mchezo ulipoisha simu ililia, fundi akaiweka kwenye spika.

"Mwambieni fundi wenu," alisema mjomba, "ushindi wangu ameukata mkia. Nimeshind ndiyo nini?"

"Wako?" Mama aliruka. "Mbona mimi ndiye niliyeshind?"

Walibishana kama watoto wa stesheni. Fundi alicheka huku machozi yakimtoka, maana mtu hawezi kulalamikia herufi isiyokuwepo kama hazioni zilizopo.

"Nimesoma yote," mjomba aliendelea, taratibu sasa. "Kwa jicho moja, lakini. La kushoto lilishafunga duka. Nilikuwa nangoja tu hili lingine lifuate."

Mama hakuwa na habari ya jicho hilo. Alimuaga kaka yake kwa upole, akamwahidi Jumamosi ijayo, kisha akamgeukia binti yake.

"Haya maandishi makubwa yalikuwa tayari tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, mama."

"Na mlikuwa mnangoja nini?"

Kwenye skrini neno lilikuwa bado limeandikwa UMESHIND, naye fundi alilitazama asijue alimalizie kwa herufi gani.