Fulana ya Diwani

Murielle hakuamini macho yake alipomwona Octave amevaa fulana yenye sura ya diwani kifuani. Octave yule yule! Mwimbaji wa punk aliyekuwa akitema mate kila akisikia neno chama.

Bendi yao, Hatuondoki, ilizaliwa katika fleti moja ya Berea, wiki ile spaza, vile viduka vya mitaani, za wageni zilipovunjwa kule Soweto. Diwani huyo huyo alikuwa amepanda juu ya lori akawaita wageni kunguni. Octave, Mkongo wa Bukavu, akatunga wimbo kuhusu lori lile kwa hasira. Pandu wa Tanga akalikwaruza gitaa. Murielle, msusi, akapiga ngoma mpaka majirani wakagonga ukuta. Walijirekodi wenyewe, wakakataa kila mfadhili. Octave ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Sasa uchaguzi umekaribia, kunguni wamegeuka ndugu.

"Ni kuimba tu, dada," Octave alisema nyuma ya jukwaa la kampeni pale Newtown, akijitazama kwenye simu. "Watu mingi watatusikia. Ila ule wimbo wa lori tuuache."

"Na hiyo fulana?"

"Fulana ni nguo tu."

"Hata nepi ni nguo," Murielle alisema. "Ila mtoto hajui alichobeba."

"Makubwa haya," Pandu akanong'ona, akachomeka gitaa.

Diwani aliketi mstari wa mbele, tumbo limetangulia. Octave akaanzisha wimbo laini kuhusu umoja, sauti imejaa sukari. Murielle alivumilia ubeti mmoja, kisha akauvamia kwa mdundo wa wimbo wa lori. Pandu akadaka. Wasusi na walinzi waliosimama nyuma wakaitikia kwa kishindo. Octave hakuimba. Alimtazama diwani kwanza, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Watu wa diwani wakakata umeme. Gitaa likafa, ngoma haikufa, mpaka mabaunsa walipomshika Murielle mikono na kumburuta nje.

Kumbi za Newtown zikawafungia milango. Murielle na Pandu wakahamia karakana ya Carmel, fundi cherehani wa Berea, asiyejua kuimba lakini anajua kufoka, akashika maikrofoni ya Octave. Watu hujaa hadi ngazini.

Juzi, robot, taa ya barabarani, ilipowaka nyekundu, gari la chama lilisimama na kioo kikashuka. "Dada Murielle!" Octave aliita, shingoni tai.

Murielle aliitazama ile tai, akaguna, akavuka barabara.