Arusi Isiyo na He

Hapana, bando halikwisha. Kila anayekisikia kisa hiki huuliza hivyo hivyo, bando, mtandao, umeme, na vyote vilikuwepo siku ile. Umeme ulikuwepo tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kuutilia shaka. Lilikuwa jambo jengine, jambo dogo hata likikupitia mbele ya macho hulioni, lakini lilimtoa jasho Asma mbele ya masufuria matatu ya pilau.

Asma huyu wa Wawi, mjukuu wa Bi Mize, yule wa kompyuta. Si kuchapa barua, kutengeneza. Kuna lugha wanaiita PHP, basi yeye huandika kwa lugha hiyo akiwa kakaa hapa, na simu ya mtu aliye mbali huko Mtambile ikalia. Ukimuuliza inakuwaje atakueleza vizuri, nawe utaitikia kwa kichwa, na ukifika kwako huna hata neno moja ulilobaki nalo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, arusi ya Usama, kaka yake Asma. Na watu wa ukoo ule wana tabia yao wenyewe, mgeni huambiwa mara mbili. Mara ya kwanza hujulishwa siku. Mara ya pili, chakula kikishaiva, huitwa. Hajaitwa, haondoki kwake. Atakoga, atavaa kanzu, atajifukiza udi, kisha atakaa kitako kama anapigwa picha. Harufu ya pilau inampita puani, naye haendi, asije akaonekana ana njaa.

Na muitaji wao, miaka arubaini, ni Bi Mize mwenyewe. Akijitanda buibui lake anakwenda mlango kwa mlango, huku nyumba za Wawi kwa miguu, huko mbali kwa gari, "Mnaitwa, mnaitwa." Mwaka huu goti likakataa. Daktari kamwambia akae. Akae! Ungemwambia bahari ikae.

"Bibi, safari hii hutoki," Asma alimwambia. "Utabonyeza tu kwenye simu, wageni wote wataitwa. Na hapa utawaona wanaojibu kwamba wanakuja, hesabu inapanda yenyewe."

"Nitabonyeza," akasema Bi Mize. "Lakini wali ukianza kushika chini na miye sijaona mtu, najitanda natoka. Na usinishike mkono."

Asma alimjua bibi yake. Akitoka angefika nyumba ya mwisho, hilo hakuwa na wasiwasi nalo. Wasiwasi ulikuwa kurudi. Mara iliyopita alirudishwa kwa gari ya mchanga, akalala wiki tatu, na kila aliyekuja kumtazama akaulizwa kama pilau lilikuwa na chumvi ya kutosha.

Basi, baada ya adhuhuri, Nyange, yule mpishi, akafunua sufuria la kwanza, akachomoa punje mbili za wali, akazitafuna macho kafumba.

"Tayari," akasema. "Nimeshapalia makaa juu. Msinicheleweshe."

Bi Mize akavaa miwani, akasema bismillahi, akabonyeza. Simu ikamjibu kwa maandishi: *Ahsante, wageni wanaitwa.* Na chini yake: *Wanaokuja: 0.*

"Sifuri hii ya nini?"

"Subiri, Bibi. Ndiyo kwanza."

Wakasubiri. Sifuri ikakaa vile vile, mviringo, imetulia. Upande wa pili wa ua wa makuti alikuwa amekaa jirani yao, Mzee Mabruki, kanzu imepigwa pasi hadi inakata, simu kaishika kama anashika yai.

"Mabruki!" Bi Mize akaita. "Simu yako imelia?"

"Haijalia."

"Basi hebu njoo."

"Nimeitwa?"

"Si nakuita!"

"Juu ya ua? Miye kuku, Bi Mize? Niite kama unavyowaita watu."

Asma hakucheka. Alikuwa keshafungua kompyuta yake juu ya kinu kilichopinduliwa, na vidole vinakwenda.

Sasa hapa nisikilize, si pagumu. Alivyolitengeneza jambo lile, ukibonyeza, simu hazilii palepale. Kompyuta kwanza inapiga ukelele mmoja: chakula kimeiva! Yupo msikilizaji wa ukelele huo. Akiusikia haendi yeye kuita watu mia na themanini na saba, atakawia. Huandika vikaratasi, kimoja kwa kila mgeni, akavipanga foleni. Na kwenye foleni yupo mfanyakazi, yeye huchukua kimoja kimoja akakipeleka. Si mtu, usimtafutie kiti. Ni programu tu. Hata ile hesabu ya wanaokuja hutangazwa kwa kupitia foleni hiyo hiyo. Kwa hiyo foleni ikilala, kila kitu kimelala.

Asma akaanza mwanzo. Ukelele ulipigwa? Akatazama kumbukumbu za seva, ulipigwa. Msikilizaji kausikia? Kausikia. Vikaratasi vimeandikwa? Akahesabu: mia na themanini na saba, vimepangwa vizuri, vinangoja. Mfanyakazi je, kafa? Hakufa. Yu macho, hana kazi, anasema yuko tayari.

"Yuko tayari na nini?" Asma akamwuliza kwa sauti, kama yule mfanyakazi anasikia. "Kazi hizo mbele yako!"

"Unagombana na nani?" akauliza Bi Mize.

"Na mfanyakazi, Bibi."

"Mfanyakazi gani? Nyange? Nyange usimguse, kashika mwiko."

Asma akampigia Fahmi. Huyu Fahmi ni mwenzake wa kazi, mtoto wa mjini Unguja, amehamia huku Pemba, Chake Chake, mwaka wa pili sasa. Asma anaandika programu, Fahmi anaitunza seva, na yule mfanyakazi wa foleni yu chini ya mkono wake.

"Assalamu alaikum, Asma. Mbona sijaitwa?"

"Na hutaitwa! Hakuna aliyeitwa. Foleni haiendi."

"Haiendi vipi? Mfanyakazi namuona hapa yuko hai."

"Hai, lakini hachukui kitu. Umemwambia asikilize foleni gani?"

"Si ulivyonambia kwa simu. Ya harusi."

"Na miye vikaratasi nimeviweka kwenye foleni ya arusi."

"Basi ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo."

Nyange akapiga sufuria kwa mwiko, ko, ko, ko. "Bi Mize, chini kunaanza kunukia. Miye nikiondoa makaa kitapoa, nisipoondoa kitaungua. Niambieni mnataka kipi."

Bi Mize alikuwa anabonyeza simu. Asma akatazama kompyuta yake akaona vikaratasi vimekuwa mia tatu na sabini na nne. Akapepesa macho. Mia tano na sitini na moja.

"Nani anabonyeza?"

"Miye. Labda mara ya kwanza haikunisikia."

"Bibi, imekusikia! Acha!"

"Mtu asipoitika, unamwita tena," akasema Bi Mize, akabonyeza. "Ndivyo watu wanavyofanya." Akabonyeza nyengine mbili, na ya saba akaikandamiza kidole mpaka kucha ikawa nyeupe. Sifuri vile vile. Akavua miwani akaiweka juu ya dirisha pamoja na simu, akaingia ndani, na alipotoka buibui lilikuwa begani.

"Bibi, dakika tano."

"Dakika tano za kompyuta au za Nyange?"

"Bibi, goti!"

"Goti langu, si la kompyuta." Akaanza kujitanda, taratibu, kama anayejua anatazamwa. "Nilisema usinishike mkono."

Ng'ambo ya ua Mzee Mabruki akanyoosha shingo. "Unatoka, Bi Mize? Basi anzia kwangu, niko karibu."

Asma akalitazama geti. Hakuogopa programu kuchekwa, programu huchekwa kila siku. Aliogopa lile geti. Bibi yake akishalivuka, atakwenda mpaka amalize, na kesho goti litakuwa kama fenesi. Akaweka simu sikioni tena, akazungumza polepole, kama unavyozungumza na fundi aliye juu ya paa.

"Fahmi. Hilo jina la foleni. Nisomee kama lilivyo hapo mbele yako, herufi moja moja."

"He."

"Nini? Kumetokea nini?"

"He."

"Fahmi usinitie hofu, kumetokea nini?"

"Hakujatokea kitu! Nakutajia herufi! He! Ya ha, he, hi!"

Asma akageuza macho kwenye kompyuta yake. Hapo pameandikwa: *a, r, u, s, i*. Mwanzo hapana he wala kivuli cha he.

"Umeandika na he," akasema.

"Si harusi?"

"Arusi!"

"Ndiyo, harusi."

"Fahmi! Nyumbani kwetu haina he! Bibi hasemi he, mama hasemi he, na miye nimeandika ninavyosikia tangu kuzaliwa!"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Walisemezana kwa simu mara nne, wakajaribu kila mmoja kwenye kompyuta yake, kila mmoja akisikia lake. Mdomoni ile he hupita kama pumzi, nani ataishika? Lakini kompyuta haina sikio la kukisia. Kwake hizo ni foleni mbili, hazijuani, na mfanyakazi wa watu kakaa mlango wa nyumba tupu tangu asubuhi.

Bi Mize, mguu mmoja getini, akasita. "He ya nini kwenye arusi?"

Fahmi akamsikia, akapaza sauti kwenye simu hata ikafika getini. "Shikamoo Bibi. Siye mjini twaandika na he."

"Marahaba. Basi mjini mna pumzi nyingi."

"Asma, badilisha kwako, utie he," akasema Fahmi.

"Siwezi. Vikaratasi vimeshaandikwa, vimo foleni ya arusi. Nikibadilisha kwangu, vitakavyokuja vitapita kwako na hivi vitabaki hapa hapa mpaka Usama apate wajukuu. Ondoa he wewe."

"Naondoa. Naondoa... nimeondoa. Tayari."

Asma akachungulia simu ya bibi pale dirishani. Sifuri.

"Hamna," akasema.

"Nimeondoa, wallahi. Nimehifadhi."

Bi Mize akalivuka geti.

Hapo ndipo kichwa cha Asma kilipofunguka, na yeye mwenyewe husema kwamba ni kwa sababu aliona kisigino cha bibi yake nje ya geti. "Fahmi, umemwamsha upya?"

"Nimwamshe nani? Yu macho."

"Yu macho na maneno ya jana! Yule husoma anachoambiwa mara moja tu, anapoamka. Umebadilisha karatasi ya maagizo, yeye bado anayo kichwani ile ya zamani. Mlaze, kisha mwamshe!"

"Aa! Subhanallah. Ngoja." Zikasikika funguo za kompyuta, ta ta ta. "Lakini Asma, hapa foleni nayoiona ina vikaratasi elfu moja mia tatu na tisa. Wageni si mia na kitu?"

"Bibi kabonyeza mara saba."

"Nivifute vya ziada kwanza?"

Asma akatazama getini. Bi Mize alikuwa keshapita kichaka cha kwanza, anachechea, mkono kiunoni.

"Mwamshe," akasema.

Simu ya Mzee Mabruki ikalia. Akaitazama. Ikalia tena kabla hajavaa miwani, ikalia tena. Ya nne ikamkuta keshasimama, ya tano kavaa makubadhi, ya sita keshalipasua ua la makuti kwa bega, maana kuzunguka getini aliona ni mbali.

"Nimeitwa!" akapiga kelele. "Bi Mize! Rudi, nimeitwa! Saba! Kuna nini, wali unakwisha?"

Njiani Bi Mize akasikia simu zikilia nyumba hii, nyumba ile, hata kwenye duka la barabarani, kama ndege wa alfajiri. Milango ikafunguka. Watu wakatoka wakifunga vifungo, wengine kofia mkononi. Jirani mmoja, Bi Zulekha, aliyewahi kumfikia, akamshika mkono, na safari hii Bi Mize hakukataza.

"Umeanguka?" Bi Zulekha akauliza, anatweta. "Simu mara saba! Nikajua ama umeanguka ama bwana arusi kakimbia!"

"Mnaitwa," akasema Bi Mize. Ilimtoka yenyewe, kwa mazoea.

"Tumeshaitwa, mwanamke! Mpaka masikio yanauma!"

Wakarudi pamoja, taratibu, goti linalalamika lakini si sana, hatua hamsini si wiki tatu. Uani Nyange keshaondoa makaa, kapata chini ukoko mwekundu na si mweusi, na anawaambia watu wote kwamba ndivyo alivyokusudia. Pale dirishani hesabu ilikuwa inapanda: arubaini, tisini, mia na thelathini. Bi Mize akavaa miwani akaitazama muda mrefu.

"Siku zote nawaita mara moja, wanakuja wakijikokota," akasema. "Leo wanakimbia. Hiyo saba, Asma, usiiguse. Iwe saba kila mara."

"Bibi, hilo ni kosa. Jumatatu natengeneza, ukibonyeza mara moja simu haitakubali tena."

"Tengeneza hiyo he yenu. Saba niachie."

"Tutaona. Labda mbili."

"Tano."

"Bibi!"

Fahmi akafika kwa bodaboda kutoka Chake, kanzu imejaa upepo, kisa cha he kimeshamtangulia, akapokewa na wanaume kwa kelele, kila mmoja akimsalimia kwa "He!" Naye akicheka, akajibu "He, he, he," mpaka hawakujua tena anacheka au anataja herufi.

Nje mbele ya nyumba wakatandikiwa majamvi wanaume, uani wakatandikiwa wanawake. Masinia yakaanza kupita juu ya vichwa vya watu, moshi unapanda. Bi Mize alikuwa amesimama tu katikati, hajui akae wapi. Miaka yote wakati huu yuko njiani, anarudi kukuta watu wananawa mikono ya kumaliza.

"Hapa, Bibi," Asma akasema, akasogea, akamwekea mto chini ya goti.

Bi Mize akaketi, akinong'ona, "Ya Allah." Bi Zulekha akamtilia maji mkononi. Wali ulikuwa wa moto mpaka akarudisha vidole, akavipuliza, akacheka, akavirudisha tena.

"Bismillahi," akasema, na watu wote wakala.