Mkono wa Mume Wangu

Mume wangu Isidore alikuwa katekista wa kanisa letu, mlimani juu ya mji mdogo wa Ngungu. Watu wenye bunduki walipokuja kuchukua kikombe cha misa, alikishikilia kwa mkono wa kulia. Wakaukata kwa panga, kisha wakammaliza pale pale altareni. Tulimzika bila ule mkono. Ulipatikana baada ya mazishi, chini ya benchi, na Padri akauweka ndani ya kisanduku cha kioo badala ya kunirudishia.

Nilimwomba mpaka nikachoka. Kwetu mtu hazikwi nusu. Lakini mahujaji walikuwa wameanza kuja kutoka Rubaya na Mushaki, soko limekua, kanisa limepata mabati mapya.

"Mama Euphrasie, ile mukono haiko tena yako," Padri aliniambia. "Iko ya bantu yote."

Nilimchukia, na sifichi.

Kamanda Noël, mkuu wa kundi la wapiganaji wa kilima cha pili, naye aliuonea wivu mkono ule. Alikuwa na kilima chake, bendera yake na kizuizi chake barabarani, ila hakuna aliyepanda kwake kwa hiari. Jumapili moja askari wake walituvamia wakati wa sadaka. Walimpiga Padri risasi mlangoni, wakalichoma kanisa, wakaondoka na kisanduku, na mimi pia. Walinihitaji, kwa sababu huku kwetu maiti hutambuliwa na mjane wake, na neno lake halibishwi. Bila mimi, wangekuwa na mfupa tu.

Kule kilimani watu walikusanywa kwa mtutu. Kamanda alikifungua kioo mwenyewe.

"Mama, sema bantu basikie. Hii njo mukono ya Isidore?"

Nilikiona kidole kidogo kilichopinda, alichokivunja akipasua kuni mwaka tuliooana. Nilitamani kukibusu. Nikikubali, Isidore atabaki hapo akipigiwa saluti na wauaji. Nikikataa, huenda wakautupa nikauokota.

"Hapana, Kamanda. Hii haiko ya bwana yangu."

Hakubisha. Aliuangusha matopeni. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakageuka waende zao, naye akawatazama, uso umemwiva kwa aibu.

"Bantu bamekuya kuona kitu ya martiri," akasema polepole. "Huyu njo muke yake. Biblia inasema beko mwili moja."

Askari wanne walinilaza, mkono wangu wa kulia juu ya gogo. Panga lilikuwa butu, wakarudia na kurudia, nami nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walipokuwa wakiuviringisha mkono wangu kwa kitambaa cheupe, niliuokota wa Isidore kwa kushoto. Hakuna aliyejali mfupa wa mtu asiyejulikana; wakaniacha nishuke nao.

Nimeuzika kaburini mwake; sasa yuko mzima. Wiki iliyopita mama mmoja wa Rubaya aliomba maji kwangu akitoka kuhiji kwa Kamanda. Hakunijua. Alinisimulia jinsi mkono ule wa kitambaa cheupe unavyoponya wagonjwa, jinsi watu wanavyoupigia magoti. Nilikuwa nikimenya muhogo, nimeubana kwa magoti, kisu kikiteleza, na hasira ikanipanda hadi nikalia mbele yake.