Nafasi ya Léopold Ukutani

Mama Emilienne hakuwa mtu wa kubembelezwa. Ukimwambia ukuta wake ni mzuri anakujibu, "Haujaisha," na koleo lake linaendelea kukata sahani. Isipokuwa Jumapili, alishinda peke yake ndani ya stoo kuukuu ya samaki pale Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, akibandika vipande vya sahani, chupa na karo, yaani vigae vya sakafu, kwenye simenti mbichi. Ukuta ulionyesha mtumbwi mkubwa ukivuka ziwa, umejaa watu. Kando ya mwanamke mwenye kitambaa chekundu, ambaye ni yeye mwenyewe, aliacha nafasi tupu, simenti kavu, upana wa mtu mmoja.

Nafasi ile ilikuwa ya bwana yake, Léopold. Ndiye fundi wa karo aliyemfundisha kazi kule kwao Pweto, ng'ambo ya ziwa. Na ndiye, mwaka ule wa 2017 watu walipokimbia risasi, aliyeshuka mtumbwini ili mwanamke mmoja mwenye mimba apate pa kukaa. "Enda, nitakuya na ule mwingine," akamwambia mkewe. Mtumbwi wa kwanza ukafika Zambia. Wa pili, hakuna aliyeuona ukifika, wala aliyeuona ukizama. Emilienne alimngoja ufukweni, akamngoja kwenye mahema ya wakimbizi ya Kenani, akamngoja Nchelenge. Mwaka wa nane sasa, na ukithubutu kumwita mjane anakufukuza kwake.

"Tukae matanga, dada," jirani yake Rosaria humwambia. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Nani alikuonyesha fasi yalimwagika? Mwili iko wapi? Unataka nililie mutu muzima?"

Loo, kichwa kigumu! Hata mchungaji alishindwa akaenda zake. Lakini tuseme ukweli, maana yeye hakuusema: kila akisikia injini ziwani alitoka mlangoni, koleo mkononi, kutazama nani anashuka. Wanashuka wachuuzi kutoka Chisenga na magunia yao. Anarudi ndani. Anakula peke yake, anapiga stori na watu wa ukutani, na jioni anafunga mlango kwa kufuli. Upweke ulikuwa unammaliza, naye anajifanya ana kazi nyingi.

Ndipo akaja Kapembwa, binti wa Lusaka, na kompyuta yake na projekta. Kazi yake ni kuchezesha picha kwa mwanga, na alikuwa amesikia habari za ukuta huu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alichokiokota kwa wauza samaki, lakini kilitosha. Siku nne alipiga picha ukuta na kuchora ukingo wa kila kipande, ili mwanga ukae juu yake sawasawa. Sahani nyeupe zilipokea mwanga vizuri, chupa ziliurudisha machoni. Emilienne alinuna siku ya kwanza. Siku ya tatu alimpikia bukari, ule ugali wa kwao. Tangu afike nchi hii hakuna aliyewahi kumuuliza kipande hiki kilitoka wapi, na kile je.

Kapembwa akaweka kidole kwenye simenti tupu. "Na hapa, Bamayo?" akauliza, akimwita mama kwa lugha yake.

Emilienne akafungua fundo la kitenge, akatoa karte ya kura ya Léopold, kadi ya kupigia kura yenye foto yake. "Iko fasi ya huyu. Mutu mwingine hapana kukaa pale. Na mi sitaweka hata kipande, mpaka akuye mwenyewe."

Kapembwa akaomba kuipiga picha karte ile, asiseme ya kazi gani. Alikuwa na roho nzuri, yule binti, na mambo yote yalitokana na roho hiyo nzuri.

Jumamosi saa tisa mchana wakafunga milango ya stoo na kuziba nyufa kwa magunia. Watu walijaa, wengine wametoka Kafutuma kwa miguu. Joto, jasho, na harufu ya chisense, wale samaki wadogo wa kukausha, ambayo haijawahi kuhama mle ndani. Rosaria alimshikia Emilienne kiti cha mbele.

Mwanga ukawaka, na ziwa la sahani za bluu likaanza kupiga mawimbi.

"Yesu wangu!" mtu akapiga kelele.

Mtumbwi ukayumba. Kitambaa chekundu kikapepea, na Emilienne akacheka kwa sauti, yeye ambaye Rosaria hakuwahi kumsikia akicheka. Halafu kwenye simenti tupu, ambapo mwanga ulikaa vizuri kuliko popote, akatokea Léopold. Akageuza kichwa. Mtumbwi ukagusa nchi kavu, akasimama, akashuka, akainua mkono.

Vigelegele! Rosaria akamkumbatia huku analia, "Amefika, dada, amefika!"

Ni yeye kweli, na ile shingo yake ndefu. Emilienne akanyanyuka kitini, mkono mbele. Ukuta ukazima, ukawaka tena. Mtumbwi uko mbali ziwani na Léopold amekaa ndani. Akafika, akashuka, akainua mkono. Kisha tena yuko mbali, majini.

Mara ya tatu Emilienne hakutazama mkono, alitazama uso. Ulikuwa uso wa kijana. Yeye mwenyewe ana mvi kichwa kizima. Huyu hazeeki, akawaza. Hazeeki kwa sababu hakufika. Na mimi miaka minane namshusha kila siku, kisha namrudisha majini. Ee Mungu, nimemchosha.

Akatoka kwa mlango wa nyuma. Juani pale akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini mchangani, akanyoosha miguu, kama wanavyokaa wajane wa kwao.

Kapembwa akamfuata mbio, tabasamu na woga pamoja. "Bamayo, sikukuuliza. Nilitaka ufurahi. Umependa?"

"Nimependa, mutoto yangu. Ulimuleta muzuri. Sasa enda uniitie Rosaria. Umuambie Léopold alikufa. Matanga inaanza leo."

Tabasamu likamtoka binti wa watu, akarudi ndani akikimbia. Emilienne akabaki pale chini, akingoja mtu wa kulia naye. Ndani ya stoo watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni, wanadai Léopold aletwe tena.