Majina ya Wanaotaka Mizani

Kosa lilikuwa langu. Wakulima walitaka kuweka alama ya dole gumba kwenye orodha ya ombi letu, nikakataa. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini, usiku, baada ya kupakia viazi kutwa nzima. Nilitaka halmashauri ione majina sitini na moja yameandikwa kamili, kwa mkono wa mwenyewe.

Tuliomba sheria moja: viazi viuzwe kwa mizani. Dalali wa soko letu hununua gunia la kilemba. Likishajaa hushonewa wavu juu, likajazwa tena mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba, na mkulima analipwa gunia moja tu.

Asubuhi ya kikao cha halmashauri dalali aliingia uani mwa soko na vijana wanne na nyundo. Walianza kwa kuivunja mizani tuliyonunua kwa kuchanga. Kisha wakanivua koti, wakaipata orodha. Dalali hajui kusoma, akanirudishia.

"Soma, mwalimu. Mmoja mmoja. Nataka kujua nani ananichimba."

Nikasoma jina langu.

"Wa pili."

Nikasoma jina langu. Mpini wa nyundo ulitua mdomoni, nikatema meno mawili juu ya viazi.

"Wa tatu."

Jina langu. Safari hii zilikuwa mbavu, kisha ngumi mbili machoni. Nilianguka.

"Babu umesaini peke yako mara sitini?" kijana mmoja alisema. "Hukuchoka mkono?"

Wenzake wakacheka. Dalali hakucheka. Alimwita mpakiaji wake, tunayemwita Kamba kwa wembamba wake. Nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, juu ya magunia ya soko hilo hilo.

"Soma wewe. Ukidanganya nauvunja mkono huo."

Kamba alinitazama pale chini. Kisha akashusha kidole mstari kwa mstari, midomo ikicheza, jambo ambalo nilimkataza. Akashuka mbali.

"Wa kumi na tisa," akasema, akalisoma jina taratibu.

Lilikuwa la mama yake dalali. Analima nusu eka, na gunia lake hufungwa kilemba kama la mtu mwingine yeyote.

"Rudia."

"Bosi, ni mama. Nilikuwepo akiandika."

Nyundo ikashuka. Mfupa wa Kamba ukachomoza nje ya ngozi. Dalali akageuka kuelekea njia ya kwa mama yake, nyundo mkononi, na hapo wanawake washona magunia, waliokuwa wameganda ukutani, wakamrukia na sindano zao ndefu. Moja ilizama pajani, nyingine shavuni. Vijana wake walimburuta mpaka kwenye gari akilia. Sikumwonea huruma, na sitasema kwamba nilimwonea.

Tulifika kikaoni tukinuka damu, na orodha nayo ina damu. Karani alisema karatasi chafu haipokelewi. Mama yake dalali, aliyekuwa ametangulia, alisimama.

"Basi nipokee mimi. Wa kumi na tisa."

"Bibi, nyinyi ni wakulima," mwenyekiti akasema. "Wananchi wengine wanasemaje?"

Mabenchi yalijaa watu wa mjini waliofuata mambo yao.

Bibi aliwageukia. "Nyinyi mnakula nini nyumbani, mawe?"

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama. Kisha fundi baiskeli. Kisha benchi zima la nyuma. Nilihesabu mpaka thelathini na wanne, halafu jicho langu la pili nalo likavimba likafumba, nikawa nasikia mabenchi tu yakisogea.