Kila Mmoja na Wake wa Kumlilia

Siku ya kwanza ya mazoezi tulisimama wanawake kumi na wanne katika ukumbi wa shule, mikono kifuani, tukakataa kulia.

Kiveli, binti aliyetoka Athene kutuongoza, alidhani tunaona haya. "Jamani, ni mchezo tu," akasema. "Hakuna aliyekufa."

"Ndiyo maana hatulii," akamjibu Potitsa, muuza mikate. "Ukiomboleza pasipo maiti unakiita kifo. Unataka kimchukue nani hapa? Sema mapema tujue."

Tulicheka, lakini hakuna aliyesogea. Diwani alikuwa ametaka kichekesho cha kuwafurahisha wageni wa kiangazi. Kiveli ndiye aliyeng'ang'ania tamthilia hii ya mtunzi aliyekufa miaka elfu mbili na mia nne iliyopita: merikebu za mji zimezama, wanawake wanataka kuwalilia vijana wao, na malkia anawakataza kwa sababu mwanawe alikuwamo, naye hakubali kwamba amekufa.

Bibi Ligeri, mwenye miaka themanini na mitatu, ndiye aliyetukwamua. "Tufanye kama mazikoni," akasema. "Tukienda kwenye msiba wa jirani, nani humlilia jirani? Kila mmoja humlilia wake. Basi kila mmoja ataje wake."

Wakataja. Mume. Dada. Mtoto mchanga wa mwaka wa sitini na nane. Zamu ikanifikia.

"Mimi sina," nikasema.

Hakuna aliyenitazama. Meli ya mwanangu Pieros ilipotea katika Pasifiki miaka mitatu iliyopita, na watu ishirini na wawili ndani yake. Halikuonekana hata boya. Tangu hapo, kila Jumapili mimi na mume wangu, Nikitas, tunampa padri karatasi zetu za majina ya kuombewa. Mimi namwandika Pieros kwenye karatasi ya wazima. Nikitas anamwandika kwenye ya marehemu. Padri, maskini, anazisoma zote mbili. Nyumbani hatulizungumzi. Mara moja tu Nikitas alichemsha ngano ya arobaini, ile ya kuwakumbuka wafu, nikaimwaga uani pamoja na sufuria yake, nikamwambia, "Mkimlilia, ninyi ndio mtakaokuwa mmemuua."

Mimi ni mtu wa maabara. Napima tindikali ya mafuta ya zeituni kwenye kinu cha ushirika. Bila sampuli siandiki jibu. Na hakuna aliyeniletea hata kifungo cha shati.

Wiki ya pili Potitsa, aliyepewa umalkia, akafungua kitabu na kusoma kwa ile sauti yake ya kuuzia mikate: "Mkimlilia, ninyi ndio mtakaokuwa mmemuua."

Nikamwendea Kiveli. "Nani kakupa maneno yangu?"

"Maneno gani, mama?"

"Hayo! Nikitas kakwambia?"

Akanionyesha ukurasa. Yalikuwamo, yamechapwa, na pembeni yake maneno ya kale ya mtunzi mwenyewe. Niliyasoma mara tatu nikitafuta kosa. Nilimkasirikia mzee yule kama mtu anavyomkasirikia jirani aliyemchungulia dirishani. Hakuwahi kuona meli ya chuma, wala hakuwahi kupokea simu ya kampuni saa nne asubuhi. Jiko langu alilijuaje?

"Unaweza kuchezesha midomo tu," Kiveli akaniambia taratibu.

Nikachezesha midomo wiki sita.

Siku yenyewe tulianza alasiri, jua likingali linachoma, watu mia mbili wamekaa kwenye viti vya kanisa kuzunguka uwanja wa kupuria ngano. Nikitas alikuwa safu ya tatu, kofia kichwani.

Potitsa akasimama upande wake, sisi upande wetu. Akausema mstari ule. Mazoezini nilikuwa nikitazama chini kila alipoufikia. Safari hii nilimtazama. Nikaona mwanamke mnene amenyoosha mikono, peke yake, akiwazuia wenzake wasimfikie. Hakuwa na mtu. Hata huyo mwana ambaye yeye alikuwa akimlinda hakuwa naye.

Bibi Ligeri akaanza mbolezi ya mumewe. Wa pili akapokea. Kisha ikaja zamu yangu, ile ambayo siku zote ilirukwa. Nikafungua mdomo.

Sikulia. Niligomba. "Pieros, ulikwenda na viatu vipya, namba arobaini na tatu, nilikununulia mwenyewe, hata kamba zake hukuwa umezizoea. Nani akuvue viatu huko, mwanangu? Nani akuvue?"

Nyuma yangu wanawake wakalipokea neno la mwisho, kama ilivyo ada yetu: nani akuvue, nani akuvue. Potitsa akateremsha mikono. Kitabuni malkia alikuwa na mistari tisa zaidi. Hakusema hata mmoja. Watu hawakupiga makofi. Nilimwona Nikitas amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

Mimi na Nikitas tulirudi kwa miguu kupitia kwenye mizeituni. Karibu na lango letu akasimama.

"Arobaini na nne," akasema.

"Nini?"

"Mguu wake. Alikuwa anavaa arobaini na nne."

"Arobaini na tatu. Nilimnunulia mimi, Nikitas."

"Najua. Vilimbana. Hakutaka kukwambia."

Nikakaa palepale, juu ya ukuta wa mawe. Baada ya muda akaja akakaa kando yangu.

"Niambie na mengine," nikasema.